Wageni wa Hori la Mida Wafungapo Safari

Katika nchi za kaskazini ya dunia kuna majira yaitwayo machipuko, ambapo theluji huyeyuka, miti hutoa majani mapya na ndege hujenga viota. Sisi watu wa pwani hatuna majira hayo. Tuna kaskazi, tuna kusi, na baina yao tuna siku za maleleji ambapo upepo haujulikani unatoka wapi. Hata hivyo machipuko ya wenzetu huonekana mpaka huku kwetu, kwa mtu mwenye mazoea ya kutembea pwani kuanzia Machi hadi mwanzo wa Mei. Ndege waliokaa nasi tangu Agosti na Septemba hubadili rangi, hunenepa, hukusanyika makundi makundi, kisha jioni moja huinuka na kuelekea kule ambako barafu imeanza kulegea.

Matembezi ninayowasimulia wasomaji leo ni ya Mida. Hori la Mida liko nyuma ya Watamu, si mbali na magofu ya Gede, na ukubwa wake ni takriban kilomita 32 za mraba. Limo ndani ya hifadhi ya bahari ya Watamu iliyotangazwa mwaka 1968. Mlango wake wa baharini ni mwembamba, lakini ndani maji hutanuka yakawa kama ziwa. Maji yakijaa, huoni ila bahari tulivu iliyozungukwa na mikoko. Yakipwa, hubaki uwanja mpana wa tope na mchanga, wenye vidimbwi vidogo na matundu ya kaa yasiyohesabika. Uwanja huo ndio sufuria ya ndege, na kila siku hufunikwa na kufunuliwa mara mbili.

Njia yenyewe ni fupi. Ukishuka kutoka barabara kuu ya Mombasa na Malindi, unapita baina ya nyumba za makuti, minazi na mikorosho, mpaka ardhi iwe laini chini ya viatu na harufu ya tope la chumvi ikufikie. Hapo huanza mikoko. Wazee wetu waliijua kwa majina: mkoko wenye mizizi iliyopinda kama mikia ya pweza, mchu unaochomoza mizizi yake juu kama vidole, mlilana usimamao mbele ya wenzake majini, mkandaa, muia na mkomafi. Baina ya miti hiyo limetundikwa daraja la mbao linaloning'inia kwa kamba, ambalo watoto hulipenda kwa kuwa huyumba. Mwisho wake kuna kibanda cha kujificha kinachotazama uwanja wa tope. Ada ndogo itozwayo hapo huingia katika mfuko wa kusaidia karo za sekondari kwa watoto wa vijiji vilivyopakana na hori na msitu wa Arabuko-Sokoke. Kwa hivyo mzazi anayewapeleka wanawe kutazama ndege husaidia pia mtoto wa mwenzake kusoma.

Huenda msomaji akauliza: mwalimu wa madrasa ana shughuli gani na ndege? Qur'ani Tukufu imetuelekeza huko yenyewe. Sura ya An-Nahl na Sura ya Al-Mulk zote mbili zinatutaka tuwaangalie ndege angani na tufikiri ni nani anayewashikilia huko juu. Katika Sura ya An-Nur tunafahamishwa kuwa ndege nao wana ibada yao na tasbihi yao. Na katika Sura ya An-Naml kuna kisa kinachofaa kusomewa watoto kabla ya safari kama hii. Nabii Sulaiman a.s., pamoja na ufalme wote aliopewa, alilikagua jeshi lake la ndege akamkosa hudihudi mmoja tu, naye akauliza yuko wapi. Mfalme aliyetumikiwa na majini na upepo alitambua kwamba ndege mmoja hayupo. Nimewahi kuwauliza wanafunzi wangu: katika mtaa wetu, akikosekana ndege wa aina nzima, nani atauliza?

Basi na tuwajue kwanza kwa sura, maana huwezi kumkosa usiyemjua.

Aliye rahisi kumtambua ni sululu. Ni mkubwa kuliko wenzake, rangi yake ni ya kahawia yenye madoadoa, na mdomo wake mrefu umepinda kuelekea chini. Jina lake ni moja na lile la chombo cha kuchimbia, na ukimwona akiutia mdomo ule katika tundu la kaa utaona jinsi jina lilivyomkaa. Hutembea peke yake, kwa adabu, kama mtu mzima sokoni. Akiruka hupiga mluzi wa haraka unaosikika ng'ambo ya hori.

Vitwitwi ni jina la jumla la ndege wadogo wa pwani wanaokwenda kwa makundi na kudonoa tope bila kupumzika. Miongoni mwao yuko mmoja mwenye mdomo mweusi uliopinda kidogo. Mwezi wa Januari ni wa kijivu, hana la kumtofautisha. Ikifika Aprili kifua na tumbo lake huwa jekundu kama tofali lililotoka tanuuni. Huyu hutaga Siberia, kaskazini kabisa ya Urusi, katika nchi tambarare isiyo na miti, pwani ya bahari ya barafu. Kutoka Mida hadi huko ni zaidi ya kilomita 8,000.

Kuna pia wale wenye shingo fupi na macho makubwa, ambao hukimbia hatua chache, husimama ghafula, hudonoa, kisha hukimbia tena. Baadhi yao hutaga katika nyika za Asia ya Kati, na wengine katika nyanda za juu karibu na milima ya Himalaya. Hao nao hujipamba kabla ya kuondoka: kifua huwa na rangi ya mdalasini na usoni hujitokeza alama nyeusi.

Nimemweka wa mwisho yule ambaye kwa ajili yake watu husafiri kutoka nchi za mbali kuja Mida. Nitamwita mla-kaa, kwa sababu hicho ndicho chakula chake. Ni mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya rangi ya majivu, na mdomo mnene mweusi uliofanana na kisu cha jikoni. Humkimbilia kaa, humkamata, humtikisa mpaka magando yaachie, kisha humeza. Hukaa kwa makundi makubwa, na maji yakijaa husimama pamoja juu ya fungu la mchanga lililobaki, wote wakiuelekea upepo, kama safu za swala.

Ndege huyu ana udugu na sisi kuliko wote, kwa sababu nyumbani kwake ni kule ambako wengi wetu tuna jamaa. Hutaga katika fukwe na visiwa vya Oman, Imarati, Kuwait, Iran, Saudia, Yemen, Eritrea na Somalia. Majahazi ya mababu zetu yalishuka kutoka Ghuba na Hadhramaut kwa kaskazi yakileta tende na mazulia, yakarudi na kusi yakichukua boriti za mikoko zilizoezekea nyumba za huko. Mla-kaa hafuati tarehe zile zile za manahodha, lakini njia ni ile ile. Kutoka Mida hadi pwani ya Oman ni zaidi ya kilomita 3,000.

Akifika huko hajengi kiota juu ya mti wala juu ya mchanga. Huchimba shimo refu ardhini, na ndani ya giza lile hutaga yai moja, jeupe. Joto la mchanga humsaidia kulilea yai hilo hata mzazi anapokwenda kutafuta riziki chini ya jua kali la Arabuni. Kifaranga hukaa shimoni akiletewa chakula. Hata baada ya kujua kuruka, huja huku pwani pamoja na wazazi wake na huendelea kuwafuata nyuma akilia aombe kaa. Ukikaa kibandani Mida utawaona: mkubwa mweusi na mweupe, nyuma yake kijana wa rangi ya kijivu akiinamisha shingo na kupiga kelele, mpaka mzazi amkatie. Akina mama niliowahi kuwaonyesha jambo hili walicheka, kila mmoja akamtaja mwanawe.

Sasa niwapitishe katika majira yenyewe.

Machi ni mwezi wa kula. Ramadhani ya mwaka 1446 iliangukia mwezi huo, nami nilikwenda Mida mara mbili kwa wiki baada ya Alasiri, nikiwa na saumu yangu, kutazama viumbe ambao kazi yao yote wakati ule ni kula. Kitwitwi mwenye kifua chekundu huwa na uzito wa gramu 55 hivi katika siku za kawaida. Kabla ya kuondoka hujiongezea mafuta mpaka apite gramu 80. Mafuta hayo ndiyo masurufu yake: hana kikapu, hana mkoba, hubeba safari yote ndani ya mwili. Naye hana mchana wala usiku, ana maji kupwa na maji kujaa. Tope likifunuliwa saa nane za usiku hula saa nane za usiku. Watu wa Mida waliokuwa wakitoka katika kisimamo cha usiku kumi la mwisho walizisikia sauti zao gizani juu ya hori.

Sisi tulikuwa tukipunguza kula kwa amri ya Mola, na wao walikuwa wakizidisha kula kwa maumbile aliyowapa Mola huyo huyo. Pande zote mbili zilikuwa katika utiifu. Mtume s.a.w. alitufundisha maana ya kutawakali kwa mfano wa ndege ambaye hutoka asubuhi na njaa akarudi jioni ameshiba. Wanavyuoni wamesisitiza kwamba ndege yule hutoka. Hakai kiotani akingoja. Nikitazama vitwitwi elfu wakidonoa tope bila kuinua kichwa, naona tawakali yenye jasho ndani yake.

Katika wiki hizo ndipo nilipoletewa suala. Mama mmoja wa huko, mama karanga anayenunua samaki kwa wavuvi na kuwakaanga jioni, alinisimamisha njiani.

"Asalaam aleikum, sheikh. Nina la kuuliza. Mjukuu wangu jana kaniletea ndege wanne wa pwani. Kawatega kwa nyuzi za wavu, zile kuukuu. Nimewanyonyoa, lakini moyo wangu ukanikataza kuwatia chunguni mpaka nikuulize. Halali hawa?"

"Waaleikum salaam, mama. Umefanya vyema kuuliza. Aliwakuta wote hai?"

"Wawili kawakuta wamenyongeka. Wawili kawachinja kwa bismillahi."

Nilimjibu kama vitabu vyetu vinavyosema. Wale wawili walionyongeka katika mtego ni mzoga, nao wametajwa waziwazi katika aya ya tatu ya Sura ya Al-Maida. Hawaliwi. Wale wawili waliokutwa hai na kuchinjwa, nyama yao yenyewe ni halali, kwa kuwa si ndege wenye kucha za kuwindia. Mama yule akashukuru, lakini hakuondoka. Akasema:

"Na nikikwambia, sheikh, wawili wale wote pamoja hawajai kijiko cha pilau?"

Suala la pili hilo lilikuwa zito kuliko la kwanza, naye ndiye aliyeliona. Halali ya chakula ni mlango mmoja. Kuna milango mingine ya kupita kabla ya mkono kufika sahanini. Tumekatazwa kuua kiumbe kwa mchezo, na kuna hadithi zinazoonya kwamba hata shomoro aliyeuawa bure atamshtaki aliyemuua mbele ya Mola wake. Katika safari moja masahaba walichukua makinda ya ndege mdogo, mama yao akawa anazunguka juu yao kwa huzuni, Mtume s.a.w. alipomwona akauliza ni nani aliyemtia uchungu kwa ajili ya wanawe, na akaamuru warudishwe. Tena kuna sheria ya nchi. Hori ni hifadhi, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza kuwinda bila ya idhini. Kuitii sheria isiyopingana na dini ni katika uaminifu wa Muislamu kwa jamii yake.

Kisha kuna hesabu yenyewe. Kitwitwi aliyetegwa Machi ni yule aliyekwisha kujilisha kwa wiki nyingi akijiandaa kwenda kutaga. Akiwa ni mla-kaa, ni mzazi wa yai moja kwa mwaka. Kuku wa mama karanga akifa, wiki ijayo kuna vifaranga wengine chini ya tenga. Mla-kaa akifa, pengo lake halizibiki upesi namna hiyo.

Nilimwomba mama yule amtume mjukuu wake kwangu, na asimpige. Kijana akaja siku ya pili, miaka kumi na miwili au kumi na mitatu, macho chini. Sikumhutubia. Nilikwenda naye mpaka kibandani na nikampa darubini yangu kuukuu. Kwa muda hakusema kitu. Kisha akauliza, "Ustadh, mbona yule anamlisha mwenzake?" Nikamweleza habari za yai moja na shimo la mchanga. Akauliza Oman iko wapi, nikamwonyesha kwa mkono upande wa kaskazini-mashariki. Akasema mjomba wake yuko Muscat. Kabla ya Magharibi tulikubaliana kwamba atakuwa na daftari, na kila siku ya bamvua ataandika aina gani za ndege zipo na zipi hazipo. Hiyo ilikuwa ndiyo kazi ya Nabii Sulaiman a.s., nikamwambia, na haimpunguzii mtu heshima.

Aprili ni mwezi wa kuaga. Idi ilikwisha pita, mawingu ya masika yakaanza kuinuka upande wa bahari, na kaskazi ikafa. Wakati huu ndege hubadilika tabia. Kundi lililokuwa likila kimya huanza kupiga kelele. Huinuka bila ya kufukuzwa, huzunguka hori mara moja au mbili, kisha hushuka tena, kama wasafiri walioteremsha mizigo kwa kuwa nahodha amebadili shauri. Wenye rangi iliyokamilika husimama karibu karibu, na walio bado wa kijivu hubaki pembeni.

Kuondoka kwenyewe huwa jioni, maji yakijaa na jua likikaribia kutua. Mwaka ule niliona kundi moja likiondoka na nikalifuata kwa macho mpaka mwisho. Waliinuka kama mia hivi. Safari hii hawakurudi chini. Walipanda wakizunguka, wakipiga miluzi, mpaka wakawa juu kuliko nilivyowahi kuwaona wakiruka. Huko wakajipanga mstari uliopinda, mstari ukanyooka kuelekea kaskazini, juu ya mikoko, juu ya msitu wa Arabuko-Sokoke. Sauti zilisikika kwa muda baada ya macho kushindwa. Nilisoma dua ya msafiri kwa niaba yao, kisha nikaswali Magharibi papo hapo juu ya mbao.

Mbayuwayu nao huondoka siku hizo hizo, wale tunaowaona wamejipanga juu ya nyaya za umeme. Wao ni wa Ulaya na Asia, na mtu wa mjini asiyeweza kufika Mida anaweza kuwatazama kutoka barazani kwake. Mwezi wa Machi nyaya zimejaa. Mwanzo wa Mei utatafuta.

Kinachowahangaisha ndege hawa si mitego ya watoto pekee. Mikoko ikikatwa ovyo, tope hukosa majani yaozayo yanayowalisha kaa, na kaa wakipungua kila kitu hupungua, pamoja na samaki wa mama karanga. Mifuko na nyuzi za nyavu zilizotupwa hufunga miguu ya ndege. Na ziko sehemu za mwambao ambapo mwenye mali hujenga ukuta mpaka kwenye maji, njia ya miguu iliyotumiwa na vizazi ikazibwa. Wanawake wanaokwenda kuchukua chaza na kupokea samaki hulazimika kuzunguka mbali, wakiwa na ndoo vichwani. Tumefundishwa kwamba kuondoa cha kuudhi njiani ni sehemu ya imani. Basi kukijenga ni nini? Jambo hili linastahili kuzungumzwa katika vikao vya mitaa na mbele ya wazee, kwa upole na kwa ushahidi, kabla halijawa mazoea. Pwani iliyofungwa kwa watu haidumu kuwa wazi kwa ndege.

Mei, masika yakiwa yamekolea, hori huonekana tupu kwa mara ya kwanza. Si tupu kweli. Yangeyange hubaki, na kulastara, na mdiria anayekaa juu ya mkoko akichungulia maji. Na ukitazama vyema utaona vitwitwi wachache wa kijivu, wasio na wekundu wowote, pamoja na mla-kaa vijana. Hao ni waliozaliwa mwaka uliopita. Wengi wao hawaendi kaskazini katika mwaka wao wa kwanza. Hukaa huku mpaka wakomae, wakati wakubwa wamekwenda kutaga. Kijana wa daftari aliniuliza kama wameachwa. Nikamjibu kwamba wameachwa mahali panapojulikana kuwa na chakula na usalama, kama mtoto aliyeachwa kwa bibi. Akafikiri kidogo, maana yeye mwenyewe analelewa na bibi yake, akaandika katika daftari: "Vijana wapo."

Kwa familia zitakazopenda kwenda, kalenda yetu ya Hijria inatosha kuwa mwongozo. Mwezi uandamapo na unapokuwa mpevu huwa bamvua, na hapa kwetu siku hizo maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu na saa nne. Kila siku inayofuata huchelewa kwa dakika kama 50. Kwa hivyo tarehe 2 hadi 5 za mwezi, na tena tarehe 16 hadi 19, ukifika Mida baada ya kuswali Alasiri utayakuta maji yakipanda polepole na kuwasukuma ndege kuja karibu na kibanda. Siku za maji mafu tope hufunuliwa kidogo na ndege hutawanyika.

Chukueni maji ya kunywa, kofia au mtandio mwepesi, viatu visivyoogopa tope, na mkeka wa kuswalia. Darubini moja yatosha watu watano kwa zamu. Nguo za rangi za mchanga na majani ni bora kuliko nyeupe kali. Wadogo wafundishwe kunong'ona kibandani, na wasikimbilie kundi lililopumzika, kwa sababu kila mara ndege anaporuka bila haja hutumia mafuta aliyoyakusanya kwa ajili ya njia. Takataka zenu zirudi nanyi nyumbani. Akina mama wenye watoto wachanga wasiogope daraja. Linayumba lakini lina kamba za kushika, nami nimeona bibi wa miaka sabini akilivuka huku akimcheka mjukuu aliyekuwa akilia.

Mwaka wa daftari ulipozunguka, wakubwa walianza kurejea Agosti, baadhi wakiwa bado na mabaki ya wekundu kifuani. Mtoto yule aliandika tarehe, akamwonyesha bibi yake kabla ya kunionyesha mimi. Mitego hakutega tena, na sasa rafiki zake wawili wana madaftari yao.

Tumuombe Mwenyezi Mungu awafikishe wasafiri wetu, wa majini, wa nchi kavu na wa angani, atujaalie kuwa waangalizi wema wa ardhi aliyotupa amana, na awafanye watoto wetu kuwa miongoni mwa wanaoona ishara zake wakazingatia. Amin. Wabillahi tawfiq.